Karatasi ya Dukani Haijui Upepo wa Kusi

Mhadhara juu ya betri ya baiskeli ya umeme na mazoea ya upandaji, uliotolewa Mwera, wilaya ya Pangani



Swali nililoletewa ni moja: baiskeli ya umeme inakwenda kilomita ngapi? Ni swali la haki. Mtu anayetoa akiba yake anataka kujua kama chombo kitamfikisha Bweni kivukoni na kumrudisha Mwera kabla ya magharibi. Karatasi iliyobandikwa dukani inalo jibu tayari: kilomita 60, mara nyingine 80, mara nyingine 100. Mimi nasema dukani hapauzwi umbali. Panauzwa kiasi cha umeme kilichofungwa ndani ya boksi. Umbali anautengeneza mpandaji mwenyewe, kwa mwendo anaouchagua, kwa miguu yake, kwa upepo aliokutana nao na njia aliyopita. Ndiyo maana watu wawili wenye baiskeli zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, mmoja atakuapia kwamba yake inamaliza wiki, na mwenzake ataisukuma kwa mkono njia nzima ya kurudi nyumbani.

Watu wa pwani hii wana bahati katika somo hili, kwa sababu nusu yake wanaijua tangu utotoni. Nahodha wa Kipumbwi anayevuka kwenda Unguja haulizwi tanga lake linafika wapi. Anaulizwa upepo ukoje, maji yakoje, na amepakia nini. Nawaomba tuipande baiskeli ya umeme kwa akili ile ile.

Tuanze na kipimo, maana bila kipimo tutabishana mpaka alfajiri. Kwenye betri pameandikwa namba mbili: volti na ampea-saa. Zizidishe, upate wati-saa. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 ina wati-saa 480. Uniti moja mnayonunua kwenye LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo betri hiyo nzima haifiki hata nusu uniti. Ukijumlisha joto linalopotea kwenye chaja, inagota kwenye nusu na kidogo. Mteja mdogo wa TANESCO wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi. Kwa hesabu hiyo, kuijaza baiskeli ni shilingi hamsini na ushee. Hata anayelipa daraja la juu, bei ikiwa mara tatu au nne ya hiyo, bado hafikishi bei ya kikombe cha chai na andazi mjini. Na umeme wenyewe una undugu nasi. Maji yanayopita kati ya Pangani mjini na Bweni yakienda baharini yamekwisha kuzungusha mitambo ya Hale, yenye megawati 21, iliyojengwa mwaka 1964, na ile ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68, ya miaka ya 1990.

Sasa linganisha na petroli, kwa sababu mazoea yetu yote ya barabarani tumefunzwa na petroli. Lita moja ina nguvu inayokaribia wati-saa 9,000. Yaani chupa moja ya petroli inayouzwa kando ya barabara imebeba nguvu za betri kumi na nane za aina niliyoitaja. Injini ya pikipiki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa joto, lakini nyingi ni nyingi: ukinyonga mafuta ovyo, ukapanda na tairi lenye upepo nusu, ukabeba mshikaki, hasara yake huionei pale pale, inakuja polepole mfukoni. Betri haina ziada ya kuficha makosa. Uzembe wa asubuhi unakudai jioni ya siku hiyo hiyo. Wengi husema ni udhaifu wa baiskeli ya umeme. Mimi naona ni ukweli wake, na anayeukubali ukweli huo hulala kwake kila siku.

Niingie kwenye upepo, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mahali ambapo vitabu vya maelekezo kutoka viwandani haviwajui watu wa Mwera.

Kampuni inapopima umbali wa baiskeli, huipima mahali tambarare, hewa imetulia, mpandaji mwepesi, betri mpya, na msaada wa mota umewekwa chini. Hawasemi uongo, wanasema ukweli wa mahali pengine. Hewa ni mzigo mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliyekaa wima kwenye baiskeli kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kwenye lami, hewa ikiwa tuli, akiiacha mota ifanye kazi yote, anatumia wati-saa 7 hivi kwa kila kilomita. Sehemu inayozidi nusu ya hizo inaliwa na hewa peke yake. Na ukinzani wa hewa haupandi sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Hewa haitofautishi mwendo wako na mwendo wa upepo. Ukienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, kwa baiskeli yako ni sawa na kukata hewa tuli kwa kilomita 35.

Mnajua barabara yetu inavyolala. Kutoka Bweni kuja huku ni kuelekea kusini. Miezi ya kusi, tangu masika yanapoisha mpaka karibu na vuli, upepo unatujia usoni wakati wa kurudi, na mchana unapokolea bahari nayo inaongeza wake. Fanyeni hesabu hii pamoja nami, kwa mfano wa safari ya kilomita 12 kwenda na 12 kurudi. Asubuhi unaondoka na upepo mgongoni, unatumia wati-saa 4 kwa kilomita: jumla 48 kufika. Jioni, upepo wa kilomita 15 usoni, mwendo ule ule wa 20, unatumia 15 kwa kilomita: jumla 180. Njia ni ile ile, mtu ni yule yule, na kurudi kumegharimu karibu mara nne ya kwenda.

Jambo la kwanza linalotoka hapo: upepo unaokusaidia asubuhi haukurejeshei unachonyang'anywa jioni. Siku isiyo na upepo safari nzima ingekula wati-saa 168. Siku ya kusi imekula 228. Jambo la pili ndilo linalowaacha watu njiani. Ukifika Bweni, kioo cha baiskeli kinakuonyesha betri karibu imejaa. Moyo unafurahi. Unavuka kivuko, unazunguka Pangani mjini, unampeleka rafiki mpaka upande wa pili wa mji, unarudi kivukoni na nusu ya betri, na unajiambia: nusu inatosha, maana kuja nilitumia kidogo tu. Sababu hiyo haitoshi. Wakati wa kusi, ninayemjali namwambia hivi: ukiwa Bweni, hesabu kila kilomita ya kurudi kuwa nne za kuja. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka. Unalipa asubuhi na kupumzika jioni, na huo ni utaratibu mzuri zaidi kwa betri na kwa roho, kwa sababu deni unaliona ukiwa bado na akiba. Na kwa kuwa upepo wa alfajiri kwa kawaida ni mdogo kuliko wa alasiri, mchuuzi anayemaliza biashara na kurudi saa nne asubuhi anaokoa umeme mwingi kuliko anayesubiri saa tisa.

Palipo na minazi pande zote mbili, au shamba la mkonge lililokingwa na miti, upepo hupungua. Msidharau kichochoro kinachozunguka kidogo ndani ya minazi kama udongo wake ni mgumu. Mara nyingi kilomita moja ya ziada iliyokingwa ni nafuu kuliko kilomita iliyo wazi.

Kutoka upepo naingia mwendo, maana ni jambo moja. Ukiacha kilomita 20 kwa saa ukaenda 30, hewa tuli, kwenye lami, matumizi yanapanda kutoka 7 mpaka 12 kwa kila kilomita. Katika safari ya kilomita 12 umeokoa dakika 12. Dakika hizo zinaweza kuwa na thamani: samaki wanaharibika, mgonjwa anasubiri, mtihani unaanza. Basi zinunue ukijua bei yake. Ninalopinga ni mtu kuzinunua kila siku bila sababu, kisha kulaumu betri.

Na hapa nina jambo kwa wabeba nazi, ambalo huenda likawashangaza. Watu hudhani mzigo ndio adui mkuu wa betri. Kwenye lami tambarare, kilo 50 za nazi huongeza wati-saa moja na nusu tu kwa kilomita. Kutoka mwendo wa 20 kwenda 30 huongeza 5. Yaani mama aliyepakia nazi karia nzima na kwenda pole anatumia umeme mdogo kuliko kijana asiye na kitu anayekimbia. Mzigo unadai haki yake mahali pengine: kwenye kilima, kwenye mchanga, na kila unaposimama na kuondoka upya. Kuinua baiskeli, mtu na vitu vyake, jumla kilo 110, juu ya kilima cha mita 30 kunakula wati-saa 12 hivi, karibu sawa na kilomita mbili za lami. Ukiongeza nazi kilo 50, unakaribia 18. Kwa hiyo mwenye mzigo asiogope umbali; aogope vilima na breki za ghafla. Angalia mbele, ona ng'ombe wanavuka, achia mota mapema ili baiskeli ijiendee yenyewe mpaka wapite, badala ya kuja kasi, kufunga breki na kuanza upya.

Mchanga ni habari nyingine. Barabara kuu ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo inatiwa lami, na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani ni sehemu ya mradi huo. Lakini nyumba zetu haziko juu ya barabara kuu. Vichochoro vya kwenda mashambani na vya kushuka pwani vitabaki mchanga na udongo kwa miaka mingi. Mchanga laini unaizuia tairi mara nne au zaidi kuliko lami. Tairi lililojazwa sana linazama humo. Ukilipunguza upepo kidogo linaelea. Ila yule yule aliyelipunguza akifika kwenye lami na asilijaze tena, anaburuta hasara njia nzima. Pampu ya mkono ni chombo cha kuongeza umbali kama betri ilivyo, na bei yake haina kifani. Kagueni pia breki zinazogusa ringi na mnyororo uliokauka kwa chumvi ya bahari. Mota haikuambii kwamba inapambana na breki yako. Inasukuma tu, mpaka betri iishe.

Nisemeje juu ya miguu? Baiskeli za umeme ziko za namna mbili: zile ambazo mota inasaidia unapokanyaga, na zile zenye mkono wa mafuta kama pikipiki. Nyingi zinazofika kwetu zina vyote viwili. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 75 kwa saa nzima bila kuhema. Kwa mwendo wa 20, nguvu hiyo inaiokolea betri karibu wati-saa 5 kwa kila kilomita. Kumbukeni safari yote ya lami bila upepo inataka 7. Yaani anayekanyaga kwa upole ameifanya betri yake kuwa mara tatu. Huu ndio mpango waliouanzisha Yamaha kule Japani mwaka 1993, walipotoa baiskeli ambayo mota inapima nguvu ya mguu na kuiongezea, na baiskeli nyingi za leo zinafuata njia hiyo. Mahali pa kukanyaga kwa nguvu zaidi ni pale unapoondoka, kwa sababu mota inapoanza kutoka kusimama hunywa umeme mwingi na kugeuza sehemu kubwa kuwa joto. Kanyaga mara tano sita kwanza, kisha ndipo uite msaada.

Lakini sipendi kuwalaumu wasiokanyaga. Mwezi wa Ramadhani, mtu amefunga, jua la saa nane, hatakanyaga, wala hana haja ya kuona haya. Mzee mwenye goti bovu naye hatakanyaga. Mama mjamzito hali kadhalika. Wanachotakiwa ni kujua kwamba hesabu yao ni nyingine, wapange safari fupi zaidi au mwendo mdogo zaidi. Ukishuka kutoka 20 hadi 15, hata bila kukanyaga, betri inaongezeka umbali. Na wanaonunua kwa ajili ya kina mama waangalie fremu iliyoshuka katikati na mnyororo uliofunikwa, ili khanga na baibui visinaswe. Mtu anayehofia nguo zake hakanyagi, na asiyekanyaga anamaliza betri.

Sasa tufungue boksi. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa kampuni ya Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoziwezesha. Upande mmoja wa ndani wa betri hizo umetengenezwa kwa madini ya kinywe, yale yale yaliyoko Mahenge, mkoa wa Morogoro. Ziko za aina mbili zinazotuhusu. Moja ina nikeli na kobalti, nyepesi, na kwa kawaida hubaki na uwezo wa asilimia 80 hivi baada ya kujazwa na kuisha mara mia tano mpaka elfu. Nyingine ni ya chuma na fosfati, nzito kidogo, inavumilia joto zaidi, na hufikisha mizunguko elfu mbili na kuendelea. Kwa pwani yetu mimi ningechagua ya chuma na fosfati kila mara, hata kama baiskeli inaongezeka uzito, kwa sababu kwenye lami uzito, kama tulivyoona, si neno, na joto letu ni neno kubwa. Betri za asidi, zile za risasi, ni rahisi dukani na ghali nyumbani: zikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya zilichoandikiwa, na ukizoea kuzimaliza kabisa zinakufa mapema.

Nilisema joto. Betri inazeeka hata ikiwa imelala, na inazeeka haraka zaidi ikiwa imejaa kabisa na ina joto. Baiskeli iliyojazwa mpaka asilimia 100 na kuachwa juani uwanjani tangu saa tatu hadi saa kumi inapoteza umri bila kwenda popote. Iegeshe chini ya mwembe. Ukifika nyumbani na betri ya moto, iache ipoe kabla ya kuichomeka. Kama safari ya kesho ni fupi, chomoa inapofika asilimia 80 au 90. Jaza mpaka juu pale tu unapohitaji, na ikiwezekana karibu na muda wa kuondoka. Masika yakifunga njia na baiskeli ikawa inakaa wiki kadhaa, iache na nusu ya umeme, kwa sababu betri iliyoisha ikikaa hivyo inaendelea kushuka polepole mpaka mahali isipoamka tena.

Ndugu zangu wachuuzi, hili ni lenu. Baiskeli nyingi zina betri chini ya karia. Tenga la samaki lenye barafu linakaa juu yake. Barafu ikiyeyuka inachuruzika, na maji hayo yana chumvi. Maji ya mvua yanakauka na kwenda zake, maji ya chumvi yanabaki kwenye vituo vya nyaya na kuvila. Siku moja unaona baiskeli inakatika mwendo kwenye kilima, unadhani betri imezeeka, kumbe umeme unakwama kwenye kituo kilichoota kutu ya kijani. Weka karatasi ya nailoni nzito au kipande cha mpira wa tyubu chini ya tenga, kikining'inia pande zote, na futa vituo kwa kitambaa kikavu kila wiki. Ukinunua mpya, tafuta yenye betri katikati ya fremu.

Kuhusu chaja nitasema kwa ukali. Betri ya volti 48 ya aina ya nikeli huwa na seli 13 na hujaa kwenye volti 54.6. Ile ya chuma na fosfati huwa na seli 16 na hujaa kwenye 58.4. Zote mbili dukani zinaitwa za 48, na mara nyingi plagi zao zinaingiana. Ukiichaji ya kwanza kwa chaja ya pili unaisukuma kupita uwezo wake. Ndani mna kifaa cha ulinzi kinachoweza kukata umeme, lakini nyumba yenye watoto waliolala haiwekwi dhamana kwa kifaa kimoja. Andika jina la chaja na la betri kwa rangi ile ile, wala usiazimishe. Usichaji kwenye mlango wa pekee wa kutokea, wala karibu na chandarua na godoro. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyozama kwenye maji ya bahari itolewe nje ya nyumba, isichajiwe tena mpaka fundi wa betri aione.

Wako watakaoniuliza kwa nini tusifanye kama Kigali, ambako Ampersand walianza mwaka 2019 kuwapa bodaboda pikipiki za umeme na vituo vya kubadilishana betri: unafika na iliyoisha, unaondoka na iliyojaa, wala betri si yako. Serikali ya Rwanda iliridhika kiasi cha kuacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali kuanzia Januari 2025. Kenya nayo ilizindua pikipiki za Spiro pale Mombasa mwezi Septemba 2023, kwa mtindo huo huo. Ni mfano mzuri, na siku utakapofika Tanga mjini nitaupokea kwa mikono miwili. Kwa Mwera bado sioni hesabu yake ikikaa. Kituo cha kubadilishana kinaishi kwa wapandaji wengi wanaopita mara nyingi kwa siku. Huku wapandaji ni wachache na njia ni ndefu. Mfano unaotufaa uko Jinja, Uganda, ambako shirika la FABIO kwa kushirikiana na EURIST la Hamburg lilitembeza baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, yenye fremu ngumu na karia pana, iliyotengenezwa kwa njia za vijijini, mpaka ikavuta tela la kubebea wagonjwa. Baiskeli ya namna hiyo inachajiwa usiku kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, na asubuhi inaondoka.

Basi, anayetaka kununua, anunue kiasi gani? Usinunue kwa siku nzuri. Chukua siku mbaya: kilomita 24 kwenda na kurudi, udongo uliolowa, kusi usoni jioni, kilo 50 za mzigo, na hutaki kukanyaga. Nimeipiga hesabu hiyo na inakuja wati-saa 360 hivi. Ongeza kwamba betri ikizeeka itabaki na asilimia 80, na kwamba si vizuri kugusa sehemu ya kumi ya mwisho. Unafika 500. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 inapungua kidogo. Ya ampea-saa 13 inakupa 624 na unalala usingizi. Zaidi ya hapo unabeba fedha zako barabarani bila kazi. Anayekanyaga anaweza kushuka chini ya hapo bila wasiwasi.

Hesabu zangu hizi zisichukuliwe kama msahafu. Zinatoka kwenye kanuni za fizikia na makadirio ya mtu wa wastani, na nyinyi hamko wa wastani. Njia ya kujua ya kwako ni hii. Jaza betri, panda siku zako kama kawaida, andika kilomita. Jioni, kabla ya kuchaji, zima vitu vyote vya ndani, soma mita ya LUKU, chaji mpaka ijae, usome tena. Tofauti hiyo igawe kwa kilomita. Fanya hivyo wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwenye lami na kwenye vichochoro. Walimu mlioko hapa, hilo ni somo la hesabu na la fizikia lisilohitaji maabara: wapeni wanafunzi wa kidato cha pili daftari moja kwa kila baiskeli ya kijijini, waandike tarehe, upepo, mzigo, kilomita na uniti. Baada ya mwaka mmoja Mwera itakuwa na jedwali lake, na muuzaji kutoka Tanga au Dar es Salaam akija na karatasi ya kilomita 100, mtamwonyesha daftari.

Na kwa diwani wetu, kwa heshima, nina ombi moja la bei ndogo. Abiria wanaokisubiri kivuko cha TEMESA pale Bweni hukaa muda ambao wangeweza kuongeza umeme kidogo. Soketi nne zenye paa, mita yake na mtu wa kupokea shilingi mia mia zingemruhusu mtu wa Mwera kununua betri ndogo, maana asingehitaji kubeba umeme wote wa kurudia kutoka nyumbani. Daraja likipitisha magari yote, soketi hizo zihamie sokoni, kivulini, mahali upepo wa chumvi haufiki. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na kina mama wa nazi.